Jua Haki Zako: Mzigo wa Kuni na Bwana Misitu

Juni na Julai huku Rangwi, milimani Usambara, jiko la kuni lina kazi mbili, kupika na kupasha watu joto. Ugali ukishaiva hakuna anayeharakisha kuzima moto. Watoto husogea kwenye mafiga, babu huvuta kigoda, na kuni za kesho zinaisha leo. Basi ndiyo miezi ambayo watu huuliza sana kama kuokota kuni msituni kunaruhusiwa. Ukiuliza hivyo, mwanasheria yeyote mkweli atakujibu kwa swali: msitu upi?

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inagawa misitu kulingana na mmiliki. Kuna hifadhi za misitu za taifa, ambazo Serikali Kuu inazisimamia kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Kuna hifadhi za halmashauri, kuna misitu ya vijiji, na kuna misitu ya watu binafsi. Kwenye milima yetu aina hizi zimebanana. Ukielekea Lushoto unakutana na Magamba, ambayo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, daraja lenye masharti makali kuliko hifadhi ya kawaida. Upande wa Mtae na Sunga kuna msitu wa Shagayu. Shume kuna shamba la miti la serikali, misindano na misaipresi iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Katikati ya yote hayo kuna vichaka vya kijiji na miti ya shambani kwa jirani. Mama mmoja anaweza kupita kwa wenye mali watatu kabla jua halijawa kali, na kila mmoja ana masharti yake.

Kwenye hifadhi, iwe ya taifa au ya halmashauri, kanuni ya msingi ni kwamba huchukui zao lolote la msitu bila ruhusa. Kuni kavu nazo ni zao la msitu. "Nimeokota, sijakata" ni maneno yanayopunguza uzito wa jambo, lakini peke yake si kibali. Kibali kinaweza kuwa cha maandishi, au kikawa ni utaratibu uliokubaliwa kati ya hifadhi na vijiji vinavyopakana nayo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kijiji kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja: wanakijiji wanalinda, nao wanapata matumizi fulani. Katika misitu ya Usambara utaratibu uliozoeleka ni siku maalumu za wiki, kuni zilizoanguka na kukauka zenyewe, mzigo wa kichwani, kwa matumizi ya nyumbani, na bila shoka wala panga. Panga ndilo linalowaponza wengi. Unaweza kuwa na mzigo wa vijiti vikavu vitupu, lakini ukikutwa na panga lenye utomvu mbichi, maelezo yako yanaanza kuyumba.

Siku hizo hazifanani kila mahali na zinaweza kubadilishwa, hasa kiangazi, moto ukihofiwa. Ziulize kwa afisa mtendaji wa kijiji au kwa kamati ya maliasili kabla ya kufunga kamba. Kwa maoni yangu tangazo la siku za kuni lingepaswa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa herufi kubwa, lenye tarehe na muhuri. Tangazo linalotembea mdomoni hubadilika kila linapovuka korongo, na anayelipia mabadiliko hayo ni mwanamke aliyeambiwa na jirani kwamba leo ni ruksa.

Wazee watasema misitu hii ilikuwa yetu kabla ya TFS, na hawasemi uongo. Hifadhi za milima hii zilianza kutengwa tangu enzi ya Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal. Waingereza wakaendeleza, na sheria yao ya misitu ya mwaka 1957 ilitumika hadi ilipofutwa na hii ya 2002. Lakini mbele ya hakimu, historia hiyo haifungui mpaka. Kama kijiji kinaamini bikoni zimesogezwa, hilo linapelekwa na serikali ya kijiji, kwa ramani na kumbukumbu. Mtu mmoja mwenye mzigo kichwani hawezi kulimaliza njiani.

Msitu wa kijiji ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo mwananchi ana nguvu ambayo wengi hawaitumii. Masharti yake yanatungwa na halmashauri ya kijiji, lakini sheria ndogo haiwi sheria mpaka ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ndivyo inavyosema Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Kwa hiyo ukitozwa faini ya kijiji kwa sababu ya kuni, una haki ya kuuliza: sheria ndogo iko wapi, ilipitishwa lini, na imegongwa muhuri wa wilaya? Uliza kwa upole. "Naomba kuiona, mwenyekiti" inatosha. Faini iliyoamuliwa na watu watatu chini ya mti si sheria ndogo, hata kama watu hao wote ni viongozi.

Shambani kwako je? Milima hii ilipandwa migrevilea kwa wingi, hasa tangu mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, SECAP, ulipoanza mwaka 1981, na matawi yake ndiyo kuni za haki kabisa kwa mwenye shamba. Tahadhari ni kwenye kukata mti mzima. Kuna miti ya asili iliyotangazwa kuwa ya kuhifadhiwa, ambayo hata ikiota shambani kwako huikati bila kibali. Kabla ya kugusa mkulo au mti mwingine wa asili, pita ofisi ya misitu ya wilaya. Mti wa mpakani mkigombana na jirani, anzeni baraza la ardhi la kijiji. Kazi yake ni kusuluhisha, na huwa linafahamu nani alipanda nini.

Kuuza kunabadilisha kila kitu. Ruhusa ya matumizi ya nyumbani inaishia nyumbani. Ukishapeleka mzigo ule ule Lukozi kwa mteja, umeingia kwenye biashara ya mazao ya misitu, nayo inadai leseni, ushuru na hati ya kusafirishia.

Sasa tufike njiani. Umekutana na bwana misitu na mgambo wawili. "Mama, kuni hizi umezitoa wapi?" Mwamkie, tua mzigo, jibu ukweli kwa ufupi. Usikimbie. Afisa ana mamlaka ya kukagua mzigo, kuuzuia na kukukamata. Naye ana mipaka yake. Anatakiwa akueleze unakamatwa kwa kosa gani. Mwanamke akitakiwa kupekuliwa mwilini, anapekuliwa na mwanamke mwenzake kwa staha. Panga na kamba zikichukuliwa, omba stakabadhi inayotaja vitu hivyo kimoja kimoja. Kupigwa, au kubebeshwa kuni hadi ofisini kama adhabu, hakumo katika sheria yoyote. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu hatatendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia.

Ukipelekwa polisi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana upewe dhamana kwa kosa la aina hii. Dhamana ya polisi hailipiwi. Una haki ya kumjulisha ndugu au wakili. Aliyekamatwa akiwa ni mtoto aliyetumwa na mama yake, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumweka pamoja na watu wazima.

Kuna jambo ambalo wengi hulifanya wakiwa na haraka ya kurudi kwa watoto: kufifilisha kosa. Sheria ya Misitu inaruhusu kosa limalizwe bila mahakama, kwa kulipa. Lakini hiyo ni hiari yako, na ukisaini unakiri kosa kwa maandishi. Kama hukutenda, usisaini. Sema utajieleza mahakamani. Kama umetenda na umeamua kulipa, malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, na stakabadhi inatoka. Fedha taslimu inayoingia mfukoni kwa mtu ni rushwa, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii.

Uvumi mmoja tuuondoe. Katazo la kuni na mkaa lililoanza mwaka 2024 lilihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, kama shule na magereza. Jiko lako la nyumbani halimo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, lakini lengo hilo halimpi mgambo ruhusa ya kuingia jikoni kwako kuhesabu vijinga. Na wanaokimbilia mkaa kwa sababu kuni zimewatia hofu, wasilale na jiko linalowaka chumbani milango imefungwa. Hewa yake haina harufu, nayo inaua.

Malalamiko ya kuni yana mahali pake: mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kama siku ya kuni inagongana na siku ya soko, au njia iliyoruhusiwa inawapitisha wajawazito kwenye mteremko mkali, mwambie mwenyekiti mapema aliingize kwenye ajenda, na hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari ndio atakaoupeleka kwa mhifadhi.