Kava umelishona mwenyewe na hulipendi? Usiliuze bei ya kutupa

Somo la leo limetoka inboksi.

Jumatano usiku dada mmoja wa hapa hapa alinitumia picha ya kava la kitanda la viraka vya vitenge. Unayajua yale: juu viraka vimeunganishwa, katikati pamba laini, chini shuka, halafu mishono inapita kushikilia safu zote tatu. Chini ya picha ameandika, "Dada, hili baya. Nataka nilitoe kwa elfu 40 nisilione tena."

Nikamuuliza limemgharimu kiasi gani. Akasema kama elfu 30 hivi. Nikamwambia chukua kalamu. Vipande kutoka kwa mafundi cherehani elfu 12. Shuka la chini elfu 15. Pamba ya katikati elfu 28. Uzi na sindano elfu 6, daladala na boda elfu 4. Jumla elfu 65, na hapo hatujagusa usiku 19 aliokaa kwenye cherehani watoto wakishalala, kama saa 3 kila usiku. Pesa yenyewe ni ya kikoba, rejesho la kwanza tarehe 30. Yaani kwa elfu 40 anamlipa mteja elfu 25 ili ambebee kava. Ndiyo maana nimeandika somo hili, kwa sababu najua si yeye peke yake.

Swali la kwanza nililomuuliza: ni nini hasa hukipendi? Usijibu "lote". Hakuna kitu kibaya lote. Litandike, kaa mbali hatua tano, weka kidole pale macho yanapokataa.

Akajibu rangi zinapigana, zambarau imekaa na chungwa. Nilipombana zaidi akakiri kwamba aliona picha kwenye simu, kava la rangi za upole, kijivu na maziwa, akataka lake litoke hivyo. Sasa mdogo wangu, utachukua vipande vya vitenge vya fundi vitoke kijivu? Mteja haijui ile picha uliyokuwa nayo kichwani. Yeye anaona kilicho mbele yake tu. Na watu wanaopenda kitenge wanakipenda kwa sababu kinapiga kelele.

Kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Akina mama weusi wa pale, kizazi baada ya kizazi, walishona makava ya viraka kutoka kwenye nguo za kazi zilizochakaa, ili familia zisilale na baridi. Mistari mingine imepinda, viraka havilingani. Mwaka 2002 makava yale yaliwekwa kwenye maonyesho ya jumba la makumbusho la sanaa Houston, kisha New York, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Sikuambii lako litafika New York. Nakuambia jicho lako lililochoka usiku wa 19 si jicho la kupanga bei.

Ila kutolipenda ni jambo moja, kasoro ni jambo lingine kabisa. Hapa ndipo wengi tunachanganya. Tunaona aibu kwa rangi ambazo hazina kosa, halafu tunanyamazia kitu ambacho kweli kitamuumiza mteja.

Kasoro ya kuogopa kuliko zote ni kutoa rangi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikamue kidogo, kibane juu ya kila kitambaa tofauti kwa dakika moja huku unasugua taratibu. Anza na nyekundu, zambarau na buluu iliyokolea. Kikibaki cheupe, endelea. Kikichukua rangi, hilo kava halijawa tayari kuuzwa, maana siku mteja akilifua na shuka lake jeupe, jina lako ndilo litakalofuliwa. Na usimwambie aloweke kwenye chumvi. Chumvi haifungi rangi ya kitambaa cha dukani kinachochuja. Dawa ilikuwa kuvifua vipande kabla hujavikata, na ukivifua vinasinyaa mapema, visije vikasinyaa vikiwa tayari kwenye kava. Kama umeshashona, kitoe kiraka kile, weka kingine kilichofuliwa, ushone pembeni kwa mkono; kukifunika tu hakutoshi, rangi itapenya ukilifua.

Kasoro nyingine angalia nyuma. Shuka la chini limekunjamana? Hiyo ni kwa sababu safu hazikupigwa bandi vizuri kabla ya kupitisha cherehani, zikatembea. Mkunjo mmoja unafumua pale unarudia. Ikiwa yamejikunja nusu ya kava, soma hapo chini kwenye kukata. Pembe za viraka ambazo hazikukutana, hizo waachie. Zitaje tu.

Kukata si kushindwa. Kava lake ni futi 7 kwa 8, yaani inchi 84 kwa 96. Ukiligawa mara mbili kila upande unapata vipande 4 vya inchi 42 kwa 48, kila kimoja mkeka mzuri wa mtoto mchanga wa kuchezea chini. Ukikata miraba ya inchi 18 unapata 20, nyuso za mito ya makochi, na mabaki yanabaki ya kushikia sufuria. Lakini usiingize mkasi hivi hivi! Chora mstari wa kukata kwa chaki, pitisha cherehani upande huu na upande ule wa mstari, karibu robo inchi, ndipo ukate katikati. Usipofanya hivyo ile mishono inayoshikilia safu tatu inaanza kufumuka na pamba inatoka. Halafu kila kipande kinataka mkanda wake wa pembeni, kwa hiyo hesabu gharama ya mkanda kabla hujaamua. Wakati mwingine kava zima linalipa kuliko vipande.

Kama ulipewa na mama mkwe na hulipendi, hilo si somo la biashara. Litandike siku akija.

Sasa tangazo. Picha yake ya kwanza ilipigwa usiku, taa ya njano, kava limetupwa kwenye kochi. Hata mimi nisingenunua. Piga asubuhi karibu na dirisha, bila flashi, kava limetandikwa juu ya shuka jeupe, kitu kingine chochote cha rangi kitoke. Kisha picha ya karibu, picha ya nyuma, na picha ya kasoro. Na maneno yasianze na kuomba radhi. Ukiandika "rangi si nzuri sana ila..." umeshamfundisha mteja kukuombea punguzo. Tuliandika hivi:

"Kava la viraka vya kitenge, limeshonwa nyumbani, futi 7 kwa 8, linafaa kitanda cha 6 kwa 6. Rangi kali: chungwa, kijani, njano. Limejaribiwa, halitoi rangi. Kwenye kona moja viraka havikukutana sawasawa, tazama picha ya 4. Bei 120,000, lipo moja tu."

Unaona bei ipo. Naomba tuache hii tabia ya "bei inboksi", mteja mwenye haya anapita zake.

Umeona pia zambarau haipo kwenye tangazo. Alipofanya jaribio la kitambaa cheupe, viraka viwili vya zambarau vilitoa rangi, vile vile alivyokuwa anavichukia. Akavitoa, akaweka vya kijani Alhamisi usiku. Sijui kama analipenda sasa, sikumuuliza.

Aliposti Jumamosi saa 2 usiku. Watu wanne wameuliza, wawili wakakimbia bei, mmoja anataka alipe nusu, na mama mmoja wa Dodoma anasema anatuma pesa yote Jumanne. Tumekubaliana hashuki chini ya laki moja. Jumanne ikipita bila pesa, anakubali wa nusu kwanza, kava halitoki mpaka amalize, na ile nusu inakwenda kwenye rejesho la kikoba tarehe 30. Mkasi tumeuweka kabatini kwanza.

Wewe una kitu gani kabatini ulichokishona ukakichukia? Weka picha hapo chini tukihesabu pamoja, na uandike ulitumia shilingi ngapi, siyo "kama elfu 30 hivi".