Kabla ya Namba, Panga Majina

"Shikamoo mama, mna utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ule wa Vita vya Wadachi?"

Mwenzangu wa maktabani akapekua orodha tuliyorithi, herufi B. Hakuna. Kijana wa watu keshashika njia, ndipo nikakumbuka kukiona kitabu hicho rafuni. Kumbe kimeandikwa chini ya A, kwa Abdallah, na utenzi wake wa Abdirrahmani na Sufiyani uko chini ya E, kwa sababu ya hiyo "el". Niliudhika kwelikweli. Mtunzi wa pwani yetu hii ya Tanga, aliyeandika jinsi Wajerumani walivyoutamalaki Mrima, anakosekana kwenye maktaba yetu hapa Ngamiani kwa ajili ya herufi!

Wengi mmeniuliza hatua za kupanga maktaba ndogo. Namba zenyewe hazisumbui. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu umekwisha kuzigawa: lugha ya Kiswahili 496.392, fasihi yake 896.392, Uislamu 297, historia ya Tanzania 967.8. Kazi ni majina.

Nunua kaunta buku. Kabla hujaandika kadi yoyote, amua mtunzi huyu ataitwaje, kisha chini yake andika sura zote nyingine za jina ulizozikuta kwenye majalada: Hemed, Hemedi, Buhry, Buhriy. Kila sura ipate kadi yake yenye neno moja tu, "tazama", na jina uliloliteua. Wazee wa "bin" na "binti" mimi nawaanzia jina lao wenyewe: Hemedi bin Abdallah, Muyaka bin Haji. Hilo linalofuata ni la baba, si la ukoo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hukuhuku Tanga, mwaka 1909, maktaba nyingi za nje humweka kwenye R. Hapa kwao hakuna anayeniuliza "Robert", basi kwangu anakaa kwenye S, na kadi ya "tazama" iko R kwa ajili ya wageni.

Lebo za gundi za bei rahisi wanazotusukumia wauza vifaa vya ofisi, waachieni wenyewe. Joto na unyevu wa bahari huzibandua zote. Andika namba kwa penseli nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, ndipo uhangaike na mgongo.

Na Vita vya Wadachi, je, ni ushairi au historia? Nimeuweka 896.3921, pamoja na tenzi nyingine, lakini kwenye 967.8 nimetia kadi ya pili. Anayesoma habari za Abushiri, aliyepigana na Wajerumani huko Pangani, lazima akutane nao.