Harufu ya samaki haitoki jikoni

*Maikrowevu yangu imefungwa juu ya jiko la gesi. Nikikaanga ngege, feni inavuma lakini harufu haiishi. Je, imeharibika? – Msomaji, Busia*

Huenda feni ni nzima. Kilichochoka ni chujio la mkaa. Hewa isiporushwa nje hurudishwa jikoni, na mkaa huo ndio unaonasa harufu. Hauoshwi. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Msomaji achomoe umeme, afungue skrubu za kifuniko cha matundu ya juu, atoe chujio kuukuu na kuweka jipya. Lile la chuma, chini, linaoshwa kwa maji moto na sabuni.

Kabla ya kuvuka mpaka kwenda Tororo, Uganda, kutafuta chujio jipya la mkaa, anakili namba ya modeli ya maikrowevu. Akisikia harufu ya kuungua, amwite fundi: kapasita ya ndani huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.