Kusikiliza Kulikovuka Bahari



Somo letu la mwezi huu lahusu elimunafsi ya utu, yaani ile imwonayo mtu kuwa ni nafsi yenye uwezo wa kukua, wala si mashine ya kutengenezwa. Ilianzia Marekani. Je, ilifikaje mbali, na njiani ilipatwa na nini?

1. Chanzo. Carl Rogers (1902–1987) alisoma theolojia huko New York, kisha akageukia elimunafsi. Alifundisha kwamba mwenye shida hasaidiwi kwa kumiminiwa mashauri. Mwaka 1957 aliandika kuwa msaidizi sharti awe mkweli, amkubali mwenzake bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya yule anayesema.

2. Japani. Baada ya vita vya 1939–1945, Logan Fox, mtoto wa wamisionari, alimjulisha Fujio Tomoda mafundisho hayo. Tomoda akayatafsiri, na mwaka 1961 Rogers mwenyewe alizuru huko. Lakini palikuwa na mtego. Baadhi ya washauri walishika maneno wakaacha moyo: mtu akisema, "Nimechoka," hujibiwa, "Umechoka." Basi! Hata kasuku aweza hayo.

3. Ulaya. Mwaka 1970 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Amsterdam. Miaka miwili baadaye, wakati damu ikimwagika Ireland ya Kaskazini, Rogers na wenzake walikaa na kikundi kidogo cha Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast. Walisemezana uchungu wao waziwazi, na mazungumzo yakapigwa filamu. Vita havikukoma kwa ajili hiyo. Hata hivyo, baadhi yao walirudi nyumbani wakaionyesha filamu hiyo pamoja, Mkatoliki na Mprotestanti, ingawa kufanya hivyo kulikuwa hatari.

Twajifunza nini? Kitabu huvuka bahari kwa urahisi. Moyo wa kusikiliza hauna budi kuanza upya katika kila mtu. Sisi wazee na walimu twapenda kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo atajuaje guu linauma wapi?

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kurudia maneno ya mtu na kumwelewa vyatofautianaje?
(b) Ni nani nyumbani mwako ambaye hajasikilizwa hadi mwisho wa maneno yake?