Mhadhara mmoja tu

Wewe uliye chuoni, ukiitwa leo kuhudumia wagonjwa kabla hujamaliza masomo, utaitika?

Septemba 28, 1918, jiji la Philadelphia, Marekani, lilifanya gwaride kubwa la kuchangisha fedha za vita, huku mafua makali yakiwa yameshaingia. Siku chache baadaye hospitali zikafurika, na madaktari na wauguzi wengi walikuwa vitani. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikawatoa darasani wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu na wa nne, wakaenda kusaidia kwenye hospitali za dharura. Mmoja wao, Isaac Starr, aliandika miaka mingi baadaye kwamba walipewa mhadhara mmoja tu kuhusu ugonjwa huo. Mmoja! Na wa mwaka wa tatu walipangiwa kazi ya uuguzi.

Sisi wa falsafa tunapenda kujadili wema ni nini (mimi wa kwanza). Waseminari wa Mtakatifu Charles Borromeo, nje kidogo tu ya jiji hilo, walishika sepetu wakaenda kuchimba makaburi.

Ila tusiishie kuwasifu. Vijana wale walikumbukwa maji yalipofika shingoni. Chuo na idara ya afya wanapaswa kukubaliana mapema, kabla ya mlipuko: nani atawafundisha wanaojitolea, nani atawasimamia, nani atawakinga wasiambukizwe. Kwa hiyo chuoni kwenu wakitangaza nafasi za kujitolea na ofisi ya afya ya wilaya, uliza hayo matatu kwanza. Ukijibiwa vizuri, jiandikishe.