Silaha Safarini: Kuvuka Majimbo ya Marekani kwa Gari

Anayeendesha gari kutoka Lewiston, Maine, hadi Columbus, Ohio, anatoka jimbo ambalo mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiyezuiwa na sheria kuwa na silaha, anaweza kubeba bastola bila kibali, na anafika jimbo lenye utaratibu kama huo. Katikati, barabara kuu ya I-90 itampitisha Massachusetts na New York. Huko, kuwa na bastola hiyo hiyo bila leseni ya jimbo ni kosa la jinai. Kibali ulichopewa kwenu hakikubaliki kila mahali. Kila jimbo huamua lenyewe litambue cha nani.

Kijitabu hiki ni kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wanaomiliki silaha na kusafiri nazo kwenda mawindoni, kuhamia mji mwingine au kuwatembelea ndugu.

Je, wewe unaruhusiwa?

Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, kumiliki silaha. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, haruhusiwi isipokuwa katika hali chache, mfano akiwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati za kuishi nchini haruhusiwi kabisa. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake naye amezuiwa, hata kama mahakama iliita kosa hilo dogo.

Namna ya kufunga mzigo

Tangu 1986 ipo sheria ya shirikisho inayomlinda msafiri anayepita katika jimbo kali, mradi anaruhusiwa kuwa na kubeba silaha hiyo kule anakotoka na kule anakokwenda. Masharti yake hayana mjadala. Silaha iwe haina risasi ndani. Silaha na risasi zisiwe mahali ambapo dereva au abiria anaweza kuzifikia. Ziweke kwenye buti. Kama gari halina buti lililotengwa, kama yalivyo mengi ya familia, zifungie ndani ya sanduku lenye kufuli. Kisanduku cha dashibodi hakihesabiki, hata kikiwa na ufunguo. Wala chini ya kiti.

Magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10 kwa ujumla ni marufuku Massachusetts, New York na New Jersey. Ziache nyumbani.

Ulinzi huu ni wa mtu anayepita. Kujaza mafuta ni jambo moja. Kulala kwa shemeji siku tatu njiani ni jambo jingine. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa ndege, akitoka Utah kwenda Pennsylvania, alikwama Newark, akachukua begi lake lenye bastola na kulala nalo hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitaja bastola yake, alikamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba sheria ile haikumlinda, kwa sababu usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia. Sisi tunaona hukumu hiyo ni kali mno, lakini ndiyo hukumu.

Miaka michache baadaye, mama mmoja wa Philadelphia mwenye kibali cha Pennsylvania alisimamishwa New Jersey na kumwambia askari kwa uaminifu kwamba ana bastola. Alifunguliwa mashtaka yenye kifungo cha lazima. Gavana alimsamehe mwaka 2015. Usipange safari kwa kutegemea msamaha wa gavana.

Kwa asiye raia

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini, hata kama ana grini kadi na watoto waliozaliwa hapa. Jambo ambalo jirani yako raia atalimaliza kwa faini, kwako linaweza kuishia kwenye ndege.

Usimpelekee ndugu silaha

Kumuuzia au kumpa zawadi ya bunduki mtu anayeishi jimbo jingine, hata kaka yako wa tumbo moja, ni kosa la shirikisho. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, naye amfanyie mpokeaji ukaguzi.

Kuhusu Kanada: usiingie na bastola. Hata bunduki ya uwindaji lazima uitangaze mpakani.

Ukisimamishwa na polisi

Weka mikono kwenye usukani, usiguse chochote kabla ya kuambiwa. Baadhi ya majimbo, kama Michigan, humtaka mwenye kibali anayebeba bastola aseme hivyo mara moja. Soma sheria za njia yako kabla ya kuondoka. Si lazima ukubali gari lipekuliwe. Sema hivyo kwa upole, usibishane. Ukikamatwa, omba wakili na mkalimani wa Kiswahili, kisha nyamaza. Usikubali kosa lolote, hata dogo, kabla wakili hajakueleza litaathiri vipi ukaazi wako. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imeamua kwamba wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kukushauri kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Mwulize waziwazi.