Kuandika Kiarabu kwa Kompyuta Yako: Somo la Kibodi



Ndugu msomaji, wengi wetu tukiandika kazi ya Fiqhi, Historia ya Uislamu au hata Sheria, hufika mahali panapohitaji neno la Kiarabu tukakwama. Wako wanaoacha nafasi wakaijaza kwa kalamu baada ya kuchapisha. Wako wanaoandika kwa herufi za Kilatini, na hapo ndipo penye hatari. Neno قلب ni moyo. Neno كلب ni mbwa. Kilichoyatenga ni herufi moja tu, qaf na kaf. Anayeandika "kalb" akikusudia moyo, amempa msomaji wake mbwa.

Irabu nazo zina uzito wake. Inasimuliwa kuwa Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanachuoni wa Basra katika karne ya kwanza Hijria, alimsikia mtu akisoma aya ya 3 ya Surat Tawba na kulitia kasra neno linalostahiki dhumma. Kwa kosa hilo dogo la ulimi, maana ikawa Mwenyezi Mungu amejitenga na Mtume Wake! Ndipo akaanza kutia nukta za rangi kuonyesha irabu. Baadaye Khalil bin Ahmad akaziwekea maumbo tunayoyajua leo. Maumbo hayo yote yamo katika kompyuta yako. Kazi iliyobaki ni kuyafungua.

1. Kuongeza kibodi

Katika Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I. Ingia "Time & language", kisha sehemu ya "Language", uchague "Add a language". Andika Arabic, uchague ya Saudi Arabia ili upate mpangilio tunaoueleza hapa. Kabla ya kukubali, ondoa alama kwenye nyongeza za hiari zisile bando lako, na pia kwenye sehemu inayoifanya lugha hiyo kuwa ya kompyuta nzima. Tangu hapo, kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi kitakuhamisha kutoka Kilatini kwenda Kiarabu na kurudi.

2. Kuzijua herufi zilipo

Si lazima ununue stika. Bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Picha ya kibodi itatokea kwenye skrini ikionyesha kila herufi ilipo. Qaf iko kwenye R, na kaf kwenye kitufe kinachofuata L upande wa kulia. Irabu hupatikana ukishikilia Shift: Q ni fat-ha, E ni dhumma, A ni kasra, X ni sukuni. Shadda iko kwenye kitufe kilicho kushoto ya namba 1. Andika herufi kwanza, kisha irabu yake.

Wenye kibodi za Kifaransa, ambazo ni nyingi Burundi na Kongo, wafuate mahali kitufe kilipo, si herufi iliyochorwa juu yake. Fat-ha kwao iko kwenye kitufe chenye A, kasra kwenye chenye Q, na kaf kwenye chenye M.

3. Kazi ndani ya Word

Ili aya ianzie kulia, bonyeza Ctrl na Shift ya kulia. Kurudi kushoto, tumia Ctrl na Shift ya kushoto. Alama ya kumswalia Mtume ﷺ unaipata ukirudi kwenye kibodi ya Kilatini, ukaandika FDFA, kisha ukabonyeza Alt na X. Usichoke kurudia: iteue alama hiyo, fungua "AutoCorrect", uipe kifupi, kwa mfano "sww". Usitumie "saw", maana ni neno la Kiingereza na litageuka katika kila insha yako.

Kama mwalimu anataka istilahi kwa herufi za Kilatini zenye nukta, njia ni ile ile ya Alt na X: 1E25 hutoa ḥ, 1E63 hutoa ṣ, 1E6D hutoa ṭ, na 0101 hutoa ā.

4. Tahadhari mbili

Kwanza, aya ya Qur'ani, uwe umeiandika au umeinakili kutoka kwenye intaneti, ilinganishe na msahafu neno kwa neno kabla ya kuikabidhi. Pili, hifadhi kazi yako kama PDF kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Kompyuta yake ikikosa fonti uliyotumia, herufi zinaweza kubadilika sura au kugeuka visanduku.

Zoezi

Andika herufi tatu: kaf, ta, ba, yaani كتب. Ta iko kwenye J, na ba kwenye F. Kisha zitie irabu kwa namna tatu: كَتَبَ (aliandika), كُتِبَ (imeandikwa), كُتُب (vitabu). Rudia kila siku kwa wiki moja bila kutazama picha ya kibodi. Vidole vikizoea, mfundishe mwenzako wa chumbani, kwani elimu haipungui kwa kugawanywa.

Wabillaahi tawfiq.